Pweza, mioyo mitatu na bado anachoka

Umeuliza kwa nini pweza akifukuzwa huchoka upesi ilhali ana mioyo mitatu. Shida iko kwenye mgawanyo wa kazi. Miwili, mmoja kila upande, husukuma damu kwenye matamvua tu. Wa tatu ndio unaoilisha mwili mzima, na huo husimama anapoogelea kwa kurusha maji kupitia bomba lake. Ndiyo maana hupendelea kutambaa.

Damu nayo haimsaidii sana. Hutumia himosianini, protini yenye shaba, ambayo kwa kubeba oksijeni haifui dafu mbele ya himoglobini yetu yenye chuma. Na damu hiyo huonekana ya buluu ikiwa imebeba oksijeni. Ikishaiachia, karibu haina rangi.