Fungu la chombo

Mwaka 2016 niliandika malengo yangu katikati ya daftari la shule la mwanangu, pale penye pini. Yalikuwa manne: kuunda mashua ya pili, kupaua nyumba yetu ya Wiyoni, hapa Lamu, kumpeleka mama Umra, na kuacha mirungi. Mwaka 2019 mke wangu alilichana daftari lile kufungia bajia, na karatasi ikanirudia mkononi ikiwa na mafuta. Nikaisoma nikiwa nimekaa forodhani. Hata moja halikuwa limetimia. La mirungi nililisoma huku shavu limejaa.

Kazi yangu ni kupeleka wageni baharini: Manda Toto kuogelea na kutazama samaki, Takwa kwenye magofu, jioni kuzungusha tanga mbele ya mji jua likizama. Hiyo ndiyo biashara ninayoijua, kwa hiyo nitakayoyasema yana harufu ya chumvi. Mwenye duka Malindi au mwenye bodaboda Mokowe atageuza mwenyewe.

Kwa wasioijua bahari: chombo kikirudi, mapato hayagawiwi kwa watu peke yao. Gharama zikishatolewa, mafungu hukatwa, na chombo nacho huhesabiwa kama mmoja wa mabaharia. Fungu lake hupewa mwenye chombo, naye ndiye wa kununua pamba ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, kamba, tanga na misumari. Nilipokuwa baharia wa watu nilimwona mwenye chombo kama mdhulumu. Yuko barazani anakunywa kahawa ya tangawizi, na analipwa! Nilipopata mashua yangu nikafurahi: fungu la nahodha langu, fungu la chombo langu. Nikayala yote mawili, miaka na miaka.

Chombo hakigombi. Ndiyo taabu yake. Baharia usipompa haki yake usiku huohuo atakugongea mlango, lakini mbao huoza kimya. Msimu mmoja wa upepo wa kusi, mwezi wa Juni, wageni hakuna, mashua ikaanza kuvuja kuliko tunavyoweza kukumba maji. Nikachukua mkopo wa simu. Wa kwanza ukalipwa kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na mashua bado iko juu ya mchanga Matondoni. Fundi, mzee wa makamo ya babangu, aligonga ubao kwa nyundo, akasikiliza, akagonga tena.

"Mwanangu, chombo chako hakili?"

"Kinakula, ami."

"Mbona chakonda, nawe wanenepa?"

Sikumjibu. Lakini toka siku ile sijaandika lengo lolote bila kuanza na fungu la chombo. Nilinunua laini ya pili ya simu, nikaiandikisha kwa jina langu, na simu yenyewe, kile kisimu kidogo cha tochi, nikamkabidhi mke wangu. Mashua ina namba yake. Tukishuka tu, kabla sijanunua hata soda, fungu linatumwa kule.

Sasa hesabu, maana malengo bila hesabu ni dua tu, na dua ina mahali pake. Safari ya kutwa wakati ule nilikuwa natoza shilingi 7,000. Samaki, mchele, nazi, matunda na petroli ya mashine huchukua kama 2,200. Zinabaki 4,800, mafungu matatu: mimi, baharia wangu na mashua, kila mmoja 1,600. Mwezi mzuri nilipata safari 12, yaani mashua inaweka 19,200.

Hapa ndipo nilipokuwa nakosea zamani. Nilikuwa nachukua mwezi mzuri nazidisha kwa 12. Nani kakwambia Mei ni sawa na Agosti? Mvua za masika, kusi inavuma, hoteli nyingine zinafunga kabisa. Nikagawa mwaka vile bahari inavyougawa: miezi sita ya kazi na miezi sita niliyoiandikia sifuri. Kikipatikana kitu katika hiyo ya sifuri, alhamdulillahi. 19,200 mara sita ni 115,200. Matengenezo ya mwaka yakila 40,000, inabaki 75,200. Fundi alitaka 450,000 kwa mashua mpya. Miaka sita!

Nilichukia. Nikaikunja karatasi. Usiku nikaikunjua tena, kwa sababu kulikuwa na hesabu nyingine niliyokuwa naikwepa. Mirungi ya shilingi 200 kila siku, mara 365, ni 73,000. Karibu sawa na jasho lote la mashua kwa mwaka. Nilikuwa naitafuna mashua yangu ya pili, kitawi kwa kitawi, na ubani wa Big G juu yake. Ukiziweka pamoja, miaka sita inakuwa mitatu na kidogo.

Sikuacha siku moja, nisiwadanganye. Nilianza na Ramadhani kwa sababu mchana mdomo tayari umefungwa, na usiku nikajilazimisha kwenda tarawehe badala ya maskani. Harusini nilianguka mara mbili. Kilichonisaidia ni kwamba ile 200 haikubaki mfukoni: kila siku ilitumwa kwenye ile namba ya mashua. Pesa ya jambo uliloacha isipopewa kazi mpya itarudi kazi yake ya zamani.

Wengi hufanya tathmini ya malengo kila mwisho wa mwezi. Mimi nafanya kwenye bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa sana, ndipo tunapoipandisha mashua kuiosha na kuipaka shahamu, yaani mafuta ya mnyama, na maji yakishakupwa hatuna pa kwenda. Tunakaa chini ya mashua, mimi na baharia, na kisimu cha tochi. Ni yeye tu niliyemweleza lengo langu. Zamani nilikuwa natangaza barazani, watu wananisifu, na sifa zile zinanishibisha kana kwamba mashua imeshaundwa. Huyu kijana hasifu. Kila tukishuka ananiuliza, "Umekilisha?" Basi.

Jambo jingine ni kujua maji yako. Takwa haiendeki maji yakiwa makavu. Mgeni anaweza kulipa mara mbili na ule mkono wa bahari katikati ya mikoko usijae kwa sababu yake. Ile mikopo yangu ya Juni ilikuwa ni kwenda Takwa maji yamekupwa. Siku hizi nikihitaji kukopa, nakopa Novemba, kaskazi iko mlangoni, na nimeshapokea malipo ya mwanzo ya wageni wa Desemba. Wa Lamu tuna kalenda mbili pia, ya kawaida na ya Kiislamu, na lazima zote ziwe ukutani. Maulidi huleta watu wa pwani nzima, lakini kila mwaka husogea nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2019 ilikuwa Novemba, mwaka 2025 ikawa Septemba. Anayepanga kwa kalenda moja tu atakuta msimu umempita yuko Mombasa kutafuta vipuri.

Halafu kuna yale ambayo hakuna kalenda inayoyaonyesha. Baada ya shambulio la Mpeketoni mwaka 2014 tuliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na bahari ya usiku ikafungwa nayo. Mwaka 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimama tarehe 25 Machi hadi 1 Agosti. Namba ya mashua ilikuwa na 61,000, nami nilikuwa sina unga. Mchezo wa mke wangu, ule wa kuchangiana pesa na wenzake kwa zamu, ndio uliotulisha. Mimi nikarudi kuvua na kubeba makuti. Kila nilichopata, hata 300, mafungu yalikatwa. Fungu la mashua likawa shilingi 100. Nilijiona mpumbavu nikituma shilingi 100. Nilituma.

Lengo lilichelewa. Fundi naye amepandisha, sasa anataka 600,000, na sina ugomvi naye, mbao nimeziona bei yake. Nilichobadilisha ni tarehe. Mama alikwenda Umra mwaka juzi, kwa fungu langu mimi la nahodha, si la mashua. Hayo mawili hayachanganyiki tena nyumbani kwangu. Paa la Wiyoni bado ni makuti.

Mwezi uliopita fundi alilaza mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Upo chini ya mwembe Matondoni, mrefu, mweupe, bila taruma, yaani ubavu, hata moja. Bamvua ya Jumamosi nitapeleka pesa ya mataruma. Juzi kijana wangu alikwenda kuutazama, akaupima kwa hatua, akarudi na swali: hii nayo itakuwa na namba yake ya simu?