Maswali ya Wasomaji: Nenosiri la Kuwashia Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Nina kompyuta mpakato yenye Windows 11 ambayo nyumbani tunaitumia watu wanne, na ndani yake nimehifadhi hati za kazi pamoja na picha za familia. Nikiiwasha inafika kwenye eneokazi moja kwa moja bila kuuliza lolote. Rafiki mmoja amenishauri niweke nenosiri la BIOS, na mwingine anasema la Windows linatosha. Nifuate ushauri wa nani, na nifanyeje nisije nikajifungia nje mimi mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia mlango wake. BIOS ni programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama inayoiamsha kompyuta. Nenosiri lake huulizwa sekunde chache baada ya kubonyeza kitufe cha kuwashia, kabla mfumo endeshi (kwako ni Windows) haujaanza kupakiwa, ilhali la Windows huulizwa mfumo ukishaamka. Kompyuta za sasa hutumia UEFI, mrithi wa programu hiyo, ingawa mafundi wengi bado wanaiita BIOS kwa mazoea, nami nitafuata mazoea hayo.

Kwa kuwa mnaitumia watu wanne, anza na Windows. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Akaunti, kisha kwenye chaguo za kuingia uweke nenosiri. Hapo hapo uitake kompyuta iliulize kila inapoamka kutoka usingizini. Baada ya hapo mfungulie kila mmoja akaunti yake, naye awe na nenosiri lake. Nalisisitiza hili kwa sababu nenosiri moja linalojulikana na watu wanne halimlindi yeyote kati yao dhidi ya mwenzake. Ukiinuka kwenda jikoni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L, na skrini itajifunga papo hapo.

Wakati wa Windows 98 mtu aliweza kubonyeza Esc kwenye dirisha la nenosiri na kuingia kama kawaida. Windows ya leo haifanyi hivyo, lakini udhaifu mmoja umebaki: mtu anaweza kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo endeshi mwingine, na ikiwa diski haijasimbwa, yaani data zake hazijageuzwa ziwe zisizosomeka bila ufunguo, akasoma faili zako bila kuulizwa nenosiri lolote. Hapo ndipo rafiki yako wa kwanza anapopata nguvu, kwa kuwa nenosiri la BIOS humzuia mtu huyo kabla flashi haijaanza kusomwa.

Kuingia kwenye BIOS, zima kompyuta kabisa, iwashe, kisha ugongegonge F2, Del, F10 au F1 kutegemea mtengenezaji. Tafuta ukurasa wenye neno Security, ambako kwa kawaida utakuta manenosiri mawili. La mtumiaji huulizwa kila kompyuta inapowashwa. La msimamizi hulinda mipangilio yenyewe. Weka yote mawili, kwani ukiacha la msimamizi, mashine nyingi zitamruhusu mtu kubadilisha mpangilio wa kuwasha (yaani kompyuta ianze na diski au flashi ipi), na ukiweka la msimamizi peke yake, nyingi hazitauliza chochote wakati wa kuwaka. Tumia herufi na tarakimu za kawaida tu, kwa maana katika hatua hiyo kibodi mara nyingi hufuata mpangilio wa Marekani, na alama uliyoiandika leo huenda usiipate kesho. Kumbuka pia kwamba nenosiri hili kwa kawaida haliulizwi kompyuta inapoamka kutoka usingizini, kwa hiyo haliwezi kuchukua nafasi ya lile la Windows.

Niliwahi kumtazama fundi akifungua kompyuta ya mezani iliyofungwa kwa nenosiri la BIOS. Alichomoa waya wa umeme, akang'oa kwenye ubao mama betri bapa inayolingana na sarafu, ile ya CR2032, akasubiri dakika chache, akairudisha. Ilipowaka haikuuliza kitu. Kwenye kompyuta mpakato nyingi za sasa njia hiyo haifanyi kazi, kwa kuwa nenosiri huhifadhiwa kwenye chipu isiyosahau umeme unapokatika. Mwenye kulisahau hulazimika kumwendea mtengenezaji na risiti ya ununuzi, na wakati mwingine kubadilisha ubao mzima. Hata hivyo mwizi hana haja ya kuhangaika na chipu hiyo: anafungua skrubu, anaitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine.

Kwa sababu hiyo, kinachozilinda hati zako hasa ni kuisimba diski. Windows 11 Pro ina BitLocker, na toleo la Home lina usimbaji wa kifaa kwenye mashine nyingi. Huenda kwako umeshawashwa tangu siku ya kwanza bila wewe kujua. Nakuomba uhakikishe jambo hilo kabla hujagusa BIOS. Mabadiliko fulani humo huifanya BitLocker ishuku kwamba mashine imechezewa, nayo itadai ufunguo wa urejeshi wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao amepoteza kila kitu kilichomo. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi pamoja na manenosiri ya BIOS, na karatasi hiyo uiweke mbali na mkoba wa kompyuta.

SWALI: Je, kwenye Mac nako kuna nenosiri la namna hiyo?

JIBU: Mac zenye prosesa za Intel zina nenosiri la programu dhibiti (firmware), mwenzake wa BIOS, ambalo huizuia kompyuta isiwashwe kwa diski nyingine. Zile zenye chipu za Apple zenyewe, zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2020, hazina nenosiri hilo. Kwenye hizo washa FileVault, yaani usimbaji wa diski wa Apple, katika mipangilio ya faragha na usalama, na nenosiri la akaunti yako ndilo litakalofungua diski kila unapoiwasha. Ukichagua kupewa ufunguo wa urejeshi, unakili kabla hujafunga dirisha hilo.