Barua kwa mwanangu: kwa nini nilikaa Quy Nhon siku tano

Mwanangu,

Salamu kutoka Mtwara. Hatujambo sote, na bibi yako anakuombea dua kila Alhamisi.

Juzi kwenye simu uliniuliza: una siku nne za likizo, wenzako hapo Saigon wanakwenda Nha Trang kwenye fukwe za watalii, nawe unataka kujua mimi nilifuata nini Quy Nhon siku tano nzima, mji wa pwani ya Vietnam ambao hata picha zake sikurudi nazo. Nikakwambia nitakuandikia, maana si jambo la kusemea simu inayokatika.

Korosho ndizo zilizonipeleka Vietnam, hilo unalijua. Mzigo uliingia kwenye ubishi wa unyevu, mnunuzi akanitaka nisubiri wiki. Sikuweza kukaa wiki katika zile kelele za pikipiki za Saigon. Nikapanda treni ya usiku ya kaskazini, nikashuka Diêu Trì, kituo kilicho kama kilometa 10 kutoka mjini.

Ufuko wa Quy Nhon umepinda kama mwezi mchanga. Amka alfajiri, mama. Utakuta wazee na watoto wameshajaa majini wanaogelea, na jua likichomoza vizuri wote wamerudi makwao, mchanga mtupu. Wavuvi wana vidau vya duara vilivyosukwa kwa mianzi, mfano wa ungo mkubwa, vikapakwa utomvu visivuje. Mvuvi anachezesha kasia moja mbele yake, kulia na kushoto, na kidau kinakwenda. Nilisimama nikitazama mpaka miguu ikachoka, kwani sisi wa ngalawa tunajua chombo kina omo na tezi, mbele na nyuma, kile hakina.

Katikati ya mji kuna minara miwili ya matofali ya Wachamu, watu waliotawala pwani hiyo zamani; inaitwa Tháp Đôi, ya karne nyingi. Ufalme wao ulikuwa na mji mkuu, Vijaya, si mbali na hapo, ukaangushwa mwaka 1471. Ipitie jioni, inatosha. Chakula ni samaki: tafuta bún chả cá, tambi za mchele na kababu za samaki, ila uliza kwanza supu imechemshiwa nini, na useme "không thịt heo" wasikutilie nguruwe. Usiende Oktoba hadi Desemba, ni mvua na tufani.

Ila siku zangu tatu zilikwisha Quy Hoa, ghuba ndogo nyuma ya kilima, kusini ya mji. Ni kijiji cha wakoma. Hospitali yake ilianzishwa mwaka 1929, na mshairi mkubwa wa Vietnam, Hàn Mặc Tử, alifia hapo mwaka 1940 akiwa na miaka 28. Kaburi lake liko kilimani Ghềnh Ráng, linatazama bahari. Siku hizi ukoma una dawa na unapona, lakini wazee waliopona wamebaki na familia zao, katika vijumba vya rangi rangi chini ya mivinje. Mzee mmoja asiye na vidole alikuwa akishona wavu, sindano ameibana baina ya viganja, fundo anakaza kwa meno. Aliniashiria nikae. Nikakaa, kesho yake nikarudi, na keshokutwa.

Hili sijapata kukwambia. Bibi yako alikuwa na dada. Alipotokewa na mabaka walimpeleka kambini, bara, mbali na bahari, na jina lake halikutajwa tena nyumbani. Mimi nimelijua nina miaka 40. Aliitwa kama wewe. Bibi yako ndiye aliyekuchagulia jina, na sote tulidhani amelipenda tu.

Niliporudi nikamsimulia Quy Hoa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza neno moja: "Madirisha yao yanaona bahari?" Nikamwambia mengi yanaona. Akanyamaza, kisha akataka picha, nami sikuwa nayo, maana niliona haya kumnyooshea mtu simu usoni.

Basi nenda. Ukifika, omba ruhusa kwanza, kisha simama mlangoni kwa mtu upige picha ya bahari kama anavyoiona yeye. Mbebee korosho. Picha nitumie mimi, nitampelekea bibi mwenyewe.

Baba yako