Fundi, mbona santuri inalifunika faili la biti 24?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia sanduku la santuri: ndogo za mizunguko 45 kwa dakika za bendi za Tanzania na Kenya, kubwa chache za rumba ya Kongo, na nyingine nzito za kizamani ambazo sijathubutu kuzigusa. Mwaka huu nimepata pleya. Moja ya zile kubwa ninayo pia kwenye kompyuta, faili la biti 24 na kilohertz 192 nililolinunua mtandaoni kwa pesa nzuri tu. Nikapiga hiki, nikapiga kile, na nakuapia santuri imejaa zaidi: besi inapumua, mwimbaji kama yumo chumbani. Shemeji yangu anasema haiwezi kuwa vingine, kwa sababu dijitali hukata sauti vipande vipande mithili ya ngazi, na santuri haikati kitu. Je, ni kweli? Na nikizirekodi hizi za baba kwenye kompyuta, si nitakuwa nazikatakata? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uliyoyasikia umeyasikia kweli, sina ugomvi na masikio yako. Ugomvi wangu ni na shemeji.

Hizo ngazi zake zimetokana na mchoro. Kigeuzi cha dijitali huipima sauti mara nyingi kwa sekunde, mara 44,100 kwenye CD na mara 192,000 kwenye faili lako. Watu wakivichora vipimo hivyo karatasini huviunganisha kwa vidato, halafu wakaamini kwamba ndivyo sauti inavyotoka kwenye spika. Haitoki hivyo. Mwaka 1949 mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo kwenye sauti, basi kuna wimbi moja tu linaloweza kupita katika vipimo vyote hivyo, na kigeuzi hulirudisha lote, pamoja na yale yaliyopita kati ya kipimo na kipimo. Sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye kilohertz 20 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na letu sisi wazee huishia mapema zaidi. Ndiyo maana CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 waliona kilohertz 44.1 zinatosha.

Biti nazo, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazoandika kila kipimo, zina hesabu yake. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Biti 16 zinakupa kama desibeli 96. Biti 24 kwenye karatasi ni 144, ingawa vigeuzi bora huishia karibu na 120 kwa kuwa umeme wenyewe una kelele zake. Santuri nzuri, mpya, kwenye pleya ya maana, mara chache huvuka 70. Kwa lugha ya dijitali hiyo ni biti 11 au 12. Hapo shemeji hana pa kushika.

Nimpe haki yake kidogo. Ni kweli santuri haina ukuta unaoisimamisha kwenye kilohertz 20. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya JVC ilitoa mfumo wa CD-4, santuri za spika nne, ambamo ndani ya kifereji, ile njia nyembamba inayofuatwa na sindano, kulikuwa na mawimbi ya kilohertz 30 na zaidi. Lakini masafa hayo ya juu ndiyo ya kwanza kufutwa na sindano kadiri sahani inavyopigwa, tena hakuna sikio linaloyasikia.

Je, kilohertz 192 zenyewe zina faida unapokaa kusikiliza? Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio katika jarida la Audio Engineering Society. Waliwapigia wasikilizaji rekodi za kiwango cha juu, kisha zilezile zikiwa zimepitishwa kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD. Waliobahatisha jibu sahihi walikuwa nusu kwa nusu, sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss aliunganisha majaribio 18 ya namna hiyo akapata asilimia 52 na ushee, huku waliofunzwa kusikiliza wakifanya vizuri zaidi kidogo. Kwa hiyo ukiniambia tofauti ipo, nitakubali ipo, ila ni nyembamba. Uliyoisikia wewe ni nene. Imetoka kwingine.

Imetoka kwenye mastaringi, yaani ile kazi ya mwisho ya kuiandaa nakala kabla haijaenda kwa wanunuzi. Anayekata santuri amefungwa mikono na kitu chenyewe. Besi ikizidi, kifereji kinapinda na kula nafasi ya jirani yake. Kwa hiyo, kwa kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za rekodi za Marekani) ya mwaka 1954, besi hupunguzwa kama desibeli 20 kule kwenye hertz 20, na sauti nyembamba huongezwa kiasi kama hicho kwenye kilohertz 20, kisha ampilifaya yako inageuza yote kinyume. Besi ya kushoto ikitofautiana mno na ya kulia, sindano inaruka, hivyo besi huwekwa katikati. Herufi “s” na “sh” zikiwa kali huchanika, hasa nyimbo za mwisho karibu na lebo: pembeni mwa sahani kubwa kifereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 50 kwa sekunde, lakini ukifika kule ndani ni kama 21 tu, na sauti yote inabanwa humo. Ukitaka kujaza dakika 25 upande mmoja, itabidi ushushe sauti. Kwa vikwazo vyote hivi, fundi hana sababu ya kuukandamiza wimbo. Anaacha ngoma ipande na kushuka.

Kwenye dijitali hakuna anayekuzuia kuharibu. Tangu miaka ya 1990 lebo zilianza kushindania ukubwa wa sauti: kompresa (kifaa cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) juu ya kompresa, mpaka kunong'ona na kupiga kelele vikawa kiwango kimoja. Nyimbo za zamani zilipotolewa upya, nyingi zikapitishwa humohumo. Faili lako la biti 24 huenda ni pipa lililotiwa kikombe kimoja cha maji, na pipa ulilipia zima.

Lifungue kwenye Audacity, programu ya bure, ulitazame. Wimbi likionekana tofali moja refu, limebanwa. Kisha geuza utazame mchoro wa masafa: yakikatika ghafla karibu na kilohertz 22, faili lilinyanyuliwa kutoka CD likabandikwa lebo ya 192. Yakikatika kwenye 16, mwanangu, umeuziwa MP3.

Santuri nayo huongeza vyake. Sindano haifuati kifereji kikamilifu, kwa hiyo huzaa mawimbi ya ziada ambayo kwenye rumba huleta utamu. Kushoto na kulia huvujiana. Spika zikinguruma, pleya inatikisika, na mtikisiko unarudi kwenye sindano: huko “kupumua” kwa besi unakokusifia, sehemu yake ni meza yako. Mimi mwenyewe naupenda mchanganyiko huo na sioni aibu. Ila ni viungo, havikuwamo kwenye kanda mama.

Mwaka 2022 jambo hili liliwaumbua wengi. Ilibainika kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani iliyosifika kwa santuri za bei kali, ilikuwa imepitisha kanda nyingi kwenye hatua ya dijitali kabla ya kukata sahani, ilhali wateja waliamini kila kitu ni analogi. Waliokuwa wakiapa kwamba dijitali inaua roho ya muziki walikuwa wamezisifu santuri hizohizo kwa miaka, wala hawakuwahi kusikia ngazi.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Rekodi santuri ya baba kwa biti 24, kilohertz 96. Sawazisha ukubwa wa sauti kati ya rekodi na santuri, maana iliyozidi hata kwa desibeli moja sikio huiona tamu zaidi bila kujua sababu. Mwambie shemeji akae, wewe ubadilishe bila kumwambia kinachopigwa ni kipi. Ule ujazo wote utakuwemo ndani ya faili, pamoja na vumbi. Usihangaike na 192: dakika moja ya 96 ni kama megabaiti 35 kabla ya kubanwa kwa FLAC (mfumo wa kubana faili bila kupoteza sauti), na 192 inakula mara mbili bila kukupa kitu. Biti 24 ndizo za maana, kwa kuwa zinakuruhusu kuacha nafasi juu, kilele kikiwa karibu na desibeli 6 chini ya mwisho, bila kuzama kwenye kelele.

Zile za 45 ndizo zianze. Bendi nyingi za Tanzania za miaka ya 1970 zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa kanda za rili, na santuri nyingi zikachapwa Nairobi. Nyimbo kadhaa zinazozunguka mtandaoni leo zimetoka kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti. Sahani yako, hata ikiwa na mikwaruzo, inaweza kuwa nakala bora kuliko faili lolote utakalouziwa.

Nyingi za hizo ni mono, yaani sauti moja tu isiyogawanywa kushoto na kulia. Kwenye mono muziki unaisukuma sindano kushoto na kulia tu, lakini vumbi na uchakavu huirusha juu na chini pia. Ukirekodi kwa stereo kisha ukaunganisha pande mbili kuwa moja, ule mrusho wa juu na chini unajifuta wenyewe. Ni usafi wa bure, na watu wengi hawautumii.

Pleya iwe na katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) ya sumaku inayokaa kwa uzito wa gramu 2 hivi. Zile za kisanduku chenye spika ndani hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi, sitaki zikaribie urithi wako. Utahitaji priampu ya fono, kifaa cha kuikuza sauti hafifu ya katriji, na waya wa ardhi ufungwe, la sivyo utarekodi mngurumo wa umeme. Ukiletewa pleya ya zamani kutoka Marekani, uliza mota yake: zilizotegemea umeme wa hertz 60 zikichomekwa kwenye hertz 50 zetu huzunguka polepole, na mwimbaji anashuka nusu-toni tatu. Transfoma ya volti haitibu hilo.

Zile nzito ulizoogopa kuzigusa huenda ni za mizunguko 78 kwa dakika, za shelaki, yaani utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki. Ndizo alizorekodia Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya rekodi ya HMV. Usizifute kwa spiriti, itayeyusha shelaki. Kitambaa laini na maji kidogo yaliyochujwa vinatosha, bila kulowesha lebo. Kifereji chake ni kipana karibu mara tatu, sindano ya LP (zile santuri kubwa za kawaida) inazama chini na kukwangua taka, kwa hiyo nunua sindano yake maalumu. Pleya ikikosa kasi ya 78, irekodi kwa 45, kisha Audacity itaipandisha kasi. Besi na sauti nyembamba zitakuwa zimehama, uzirekebishe kwa sikio.