Kabla Hujamwandikisha Mtoto Shule Ndogo ya Kijijini

Siku nilipompeleka mwanangu shule ya msingi ya kijijini yenye wanafunzi wasiozidi 60 na walimu watatu, nilikuwa na swali moja tu mdomoni: wanafaulu? Mwalimu mkuu akafungua kabati, akanionyesha matokeo ya mwaka uliopita. Yalikuwa mazuri. Nikamshukuru, nikaondoka. Miaka miwili ikapita ndipo nikatambua kwamba swali lile halikuwa na uzito wowote. Darasa la mwisho la shule ile lilikuwa na watoto sita. Kwa watoto sita, mmoja akiamka na homa siku ya mtihani, wastani wa shule unaporomoka. Mwaka unaofuata wakipatikana wawili wepesi wa kushika, shule inasifiwa hadi kijiji cha pili. Ukitaka kuyatumia matokeo ya shule ndogo, omba ya miaka mitano au sita uyatazame kwa pamoja. Ya mwaka mmoja yaache.

Nilipaswa kuuliza hivi: mwalimu mmoja anafundishaje madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, na mada zinapangwaje?

Shule ndogo nyingi duniani hazina mwalimu wa kila darasa. Watoto wa la tatu na la nne, kwa mfano, hukaa chumba kimoja chini ya mwalimu mmoja, ndilo darasa mseto. Shule nyingine hulipatia kila kundi mada zake: mwalimu anafundisha hawa huku wale wakifanya zoezi, kisha anageuka. Nyingine huwafundisha wote mada zilezile kwa mzunguko wa miaka miwili, mwaka huu za la tatu, mwakani za la nne. Mtoto anayeuanza mzunguko na kuumaliza hapotezi kitu, isipokuwa mpangilio wake unatofautiana na wa wenzake wa shule kubwa. Anayeingia katikati ndiye anayeumia.

Mwanangu aliingia katikati. Alikuwa amemaliza la tatu katika shule kubwa, akapokelewa la nne, na mwaka ule chumba chao kilikuwa kwenye mada za la tatu. Kila jioni akirudi ananiambia, "Baba, haya nayajua." Nasi tukafurahi, tukadhani mtoto amechanua. Kumbe sehemu, yaani hesabu zote za kugawa kitu kizima katika vipande, wenzake walizisoma mwaka mmoja kabla hajafika. Alipoingia la tano mwalimu akaanza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini zisizofanana, akiamini msingi upo. Jioni moja nikamkuta ameinamia daftari. Swali lilikuwa nusu jumlisha robo. Alikuwa ameandika mbili juu ya sita, akafuta, akaandika tena mbili juu ya sita, akafuta, mpaka kifutio kikatoboa karatasi na mistari ya ukurasa wa chini ikaonekana. Hakulia. Aliniuliza tu kama yeye ni mjinga.

Bado nalisikia swali lile. Mtoto hakuwa na kosa lolote. Shule haikuuliza alikotoka alisoma nini, na mimi sikupeleka hata daftari moja la zamani. Nilipomweleza mwalimu wa darasa, aliliona tatizo papo hapo. Akawa anabaki naye baada ya masomo mara mbili kwa wiki, wanakunja vipande vya karatasi na kuvihesabu, na kabla muhula haujaisha mtoto alikuwa amefikia wenzake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, unapomhamishia mtoto shule ya namna hii, beba madaftari yake ya miaka miwili iliyopita, yote, hata yaliyochakaa. Kaa na mwalimu wa darasa, mwombe orodha ya mada za mwaka huu na za mwaka uliopita, mzipitie pamoja na kutia alama kwenye zile ambazo mtoto hajawahi kuziona. Ni kazi ya nusu saa. Ukimhamisha kwenda shule kubwa, fanya vivyo hivyo kule unakompeleka, maana kule nako hawajui mzunguko ulikuwa umefikia wapi.

Hofu nyingine ya wazazi wengi ni darasa mseto lenyewe. Wanaona watoto wao watachelewa kwa kuchanganywa na wadogo, au watapotea kwa kuchanganywa na wakubwa. Mwaka 1995 mtafiti Simon Veenman wa Uholanzi alichambua tafiti nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali juu ya jambo hili, akaona kwamba kwa jumla watoto wa madarasa ya aina hii hawajifunzi kidogo kuliko wenzao, wala hawajifunzi zaidi. Wengine walimpinga, wakisema wakuu wa shule huwa wanayapa madarasa haya walimu hodari na watoto wanaojiweza, kwa hiyo ulinganisho haukuwa wa haki. Mimi nimetoka na somo moja katika mabishano yao: kuchanganywa peke yake hakumharibu mtoto wala hakumjengi. Kinachomjenga au kumharibu ni kile anachokifanya wakati mwalimu yuko na kundi lingine.

Njia ya kulijua hilo ni kwenda kukaa nyuma ya darasa. Omba ruhusa ya nusu siku. Shule ndogo iliyotulia haikatai, na ikikataa bila sababu, hilo nalo ni jibu. Chumba cha mwanangu kilikuwa na mbao mbili, mmoja ukuta wa mbele na mwingine ukuta wa nyuma, na watoto wamepeana migongo, kila kundi likitazama ubao wake. Mwalimu alitembea katikati yao kipindi kizima. Alipokuwa akiwaeleza wadogo jinsi ya kupima urefu, msichana mmoja wa kundi la wakubwa aliacha kuandika, akageuza shingo polepole, akasikiliza hadi mwisho, kisha akarudi kwenye zoezi lake na kufuta jibu alilokuwa ameliandika. Mwalimu alimwona, akamwacha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto dhaifu anaweza kunufaika sana na chumba cha namna hii: anapata kusikia mara ya pili kile kilichompita, bila mtu kumwambia karudi nyuma.

Ila siku hiyohiyo niliona na upande wa pili. Nilikuwa natazama saa yangu. Katika kipindi cha dakika 40, kundi la mwanangu lilikaa na mwalimu dakika 15. Zile nyingine 25 walikuwa wananakili aya kutoka ubaoni, na waliomaliza mapema walikaa wakichora pembezoni mwa daftari. Kunakili kunamnyamazisha mtoto, hakumfundishi. Tangu siku ile sikuuliza tena nyumbani "Leo mmesoma nini?" Nauliza "Mwalimu alipokuwa na wale wengine, wewe ulifanya nini?" Jibu la swali hilo, likirudiwa wiki mbili tatu, litakueleza habari za shule kuliko ripoti yoyote. Na ukiona ni kunakili kila siku, liseme kwenye mkutano wa wazazi, kwa heshima, ukiwa na pendekezo mkononi.

Pendekezo lipo. Colombia walikabiliana na tatizo hilihili katikati ya miaka ya 1970. Mwalimu wa kijijini Óscar Mogollón, pamoja na Vicky Colbert na Beryl Levinger, walianzisha mfumo wa Escuela Nueva, yaani Shule Mpya, kwa ajili ya shule ndogo za mashambani zenye mwalimu mmoja au wawili. Waliandika miongozo ambayo mtoto anaweza kuifuata mwenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na wenzake wachache mezani, na mwalimu akipita kusaidia aliyekwama. Watoto walikuwa na kona ya vitabu na kamati zao za kuendesha shughuli za shule, na aliyekosa wiki kadhaa alianzia pale alipoachia. Utafiti wa UNESCO uliopima wanafunzi wa Amerika ya Kilatini mwaka 1997 ulikuta watoto wa vijijini wa Colombia wakiwapita wa mijini, isipokuwa wale wa majiji makubwa sana. Sitarajii shule yako iwe na miongozo kama ile. Lakini kadi za mazoezi zenye majibu nyuma, zikatengenezwa na wazazi wanaojua kuandika vizuri chini ya uongozi wa mwalimu, zinawezekana popote. Sisi tulikaa Jumamosi nne tukatengeneza za hesabu, na wale waliokuwa wakichora pembezoni mwa daftari wakapata cha kufanya.

Wapo watakaokutuliza kwa kusema kwamba alimradi darasa ni dogo, mtoto atapata nafasi. Ushahidi wanaoutumia sana ni jaribio la STAR la jimbo la Tennessee, Marekani, lililoanza mwaka 1985 na kuhusisha watoto zaidi ya 11,000 kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Ni kweli, waliowekwa katika madarasa ya watoto 13 hadi 17 walifanya vizuri kuliko wa madarasa ya 22 hadi 25. Lakini yale yalikuwa madarasa ya kiwango kimoja. Mwalimu mwenye watoto 15 wa viwango vitatu ana mzigo wa aina nyingine kabisa. Usiwahesabu watoto tu, hesabu na dakika.

Jambo ambalo halipewi uzito unaostahili ni siku mwalimu anapokosekana. Shule ya walimu 20 ikimkosa mmoja, hutasikia. Shule ya walimu watatu ikimkosa mmoja, theluthi ya shule haina mtu. Na walimu hawa ndio wanaokwenda mikutanoni, kwenye semina na kufuatilia makaratasi ya shule, mbali na ugonjwa na misiba kama binadamu wengine. Muulize mwalimu mkuu bila kuzunguka: mmoja wenu asipokuja, watoto wake wanakaa na nani na wanafanya nini? Anayejibu "Huwa tunawaunganisha" amejibu nusu. Mwenye kabati la kazi za dharura zilizoandaliwa tayari kwa kila kundi amejibu yote. Muulize pia mwalimu wa darasa la kwanza amekuwa pale muda gani. Kusoma na kuandika hujengwa pale, na kubadilisha walimu watatu ndani ya mwaka wa kwanza ni hasara ambayo mtoto ataibeba hadi la tano.

Kuhusu marafiki, nina binti pia, na kwa miaka miwili alikuwa msichana pekee wa darasa lake. Nilihuzunika sana mwanzoni. Nilichokiona baadaye ni kwamba watoto wa shule ndogo huwa hawachagui wa kucheza naye kwa umri. Alicheza na wadogo, akafundishwa kuruka kamba na wakubwa, akajifunza kuongea na mtu yeyote. Uchungu ulikuja pale walipokosana. Katika shule kubwa mtoto aliyekosana na kundi huhamia kundi lingine. Hapa hapakuwa na kundi lingine. Kama mtoto wako amenyamaza ghafla na hataki kwenda shule, usingoje wiki ipite.

Na unapokwenda kuongea na mwalimu, nenda shuleni. Kijijini mnakutana naye njiani, ibadani, msibani, na kishawishi cha kumaliza mambo palepale ni kikubwa. Nimewahi kumkamata mwalimu njiani nikamweleza habari za mwanangu mbele ya wazazi wawili, na kufikia jioni habari zilikuwa zimefika kwa watoto wao. Mwanangu ndiye aliyezilipia. Tangu hapo naomba miadi, tunakaa ofisini au chini ya mti mlango wa shule ukionekana, na tunayosema yanabaki pale. Ukiwa na lalamiko dhidi ya mwalimu, mwanzie yeye, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule. Ukianzia kamati, kwa shule yenye walimu watatu, umeigawa shule nzima.

Na kaa ndani ya kamati ukiweza, hasa kama kuna minong'ono ya shule kufungwa au kuunganishwa na nyingine. Minong'ono hiyo huanza idadi ya wanaoandikishwa inaposhuka. Wazazi wengi huhamisha watoto kwa kuisikia tu, na kuhama kwao ndiko kunakoifunga shule. Muulize mwalimu mkuu idadi ya watoto watakaoanza la kwanza miaka miwili ijayo. Kijiji kidogo kinawajua wote kwa majina, kwa hiyo jibu linapatikana kwa siku moja. Kama kufungwa kunakuja kweli, hoja ya kupeleka mbele ni umbali: mtoto wa miaka sita atatembea muda gani, barabara ipi, na msimu wa mvua itakuwaje. Pimeni kwa miguu, mkiwa na mtoto wa umri huo, mwandike dakika.

Mwanangu sasa yuko sekondari yenye wanafunzi wengi kuliko watu wote wa kijiji chetu. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa ngumu, si kwa masomo bali kwa kelele na kwa walimu wasiojua jina lake. Tungempeleka kuitembelea mapema, ingekuwa nafuu. Kwa binti yangu, anayemaliza mwakani, tumeshapanga safari mbili za kuiona shule yake mpya, moja siku ya masomo na moja ya kuongea na mwalimu wa hesabu. Madaftari yake yako ndani ya mfuko chini ya kitanda, na juu ya kila moja ameandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, mada zilizomo na mwaka aliozisoma.