Re: Landilodi amekula diposi, asema ni ya rangi

Salaam dada. Nimekuelewa hivi: umehama nyumba ya Kisauni, notisi ulitoa, kodi huna deni hata shilingi, sasa landilodi akwambia diposi yote imeishia kwenye rangi. Huo ni uonevu na umezidi hapa mjini. Nyumba gani ya pwani ukuta wake haubanduki rangi kwa chumvi? Hilo si kosa la mpangaji.

Kwanza tafuta mkataba uangalie rangi imeandikwaje, maana wengine huweka hicho kifungu na ukishatia sahihi inakuwa vigumu kubisha. Kama hakipo, weka pamoja meseji za M-Pesa za diposi na kodi, picha za nyumba ulivyoiacha, na ile meseji yake ya rangi usiifute kabisa. Mimi wangu alinizungusha na hadithi za bomba la choo, nikamwandikia barua ya kudai yenye tarehe ya mwisho, akanyamaza, nikaenda Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Pale wanasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, wakili si lazima wajisemea mwenyewe, na sheria yao ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Alipofikishiwa karatasi za koti alinipigia mwenyewe eti tuelewane.

Wako akitaka kuelewana pia, aandike, usikubali ahadi za mdomo. Na mwitishe risiti za hiyo rangi, alinunua mikebe mingapi na fundi alimlipa ngapi.