PS4 inanguruma na kujizima: anza na vumbi

Mkuu, umesema PS4 yako nene (mashine ya gemu, toleo la kwanza) inanguruma, inawaka taa nyekundu na kujizima katikati ya mechi. Hiyo imezidiwa joto. Usikimbilie kununua feni. Mara nyingi feni ni nzima, ila vipezi vya kupozea (mabati membamba yanayotoa joto) vimeziba.

Chomoa nyaya zote, iache nusu saa, maana kapasita (vihifadhi umeme) za pawasaplai, kile kisanduku cha umeme kilichomo ndani, hubaki na umeme. Tafuta bisibisi ya T8 (ncha ya nyota) yenye tundu katikati; ya kawaida haiingii, na ukilazimisha utakula kichwa cha skrubu. Skrubu za mfuniko wa chini ni nne, nyingine zimefichwa na stika; zitoe, ufungue mfuniko. Pawasaplai inyanyue wima, kwani imekalia pini zinazopinda ukiivuta kiupande. Ikiinuka usiinyakue: kuna waya chini yake, uchomoe kwanza. Sasa vipezi unaviona, na vumbi lililogandamana kama blanketi. Litoe kwa brashi laini, kisha puliza kwa pampu (si mdomo, mate ni maji) huku umeshika feni kwa kidole isizunguke ovyo ikaua beringi.

Ikijizima tena, pesti ya prosesa (ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye kipozeo chenye vipezi) imekauka. Hapo bodi nzima itoke, kazi ya jioni moja ukiwa na subira. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Skrubu mbili za kibano kinachobana kipozeo kwenye prosesa zikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Ukimaliza moja kwanza, kipozeo kinakaa upande na joto linarudi palepale.